Siku Chef Venant Alipojikatia Umeme

Venant ni chef d'avenue huko Cimpunda, mjini Bukavu, yaani mtu ambaye serikali imempa muhuri ikasahau wino. Kazi yake ni kuamua maji machafu ya jirani yapite uani kwa nani, kutuliza walevi wanaomheshimu, na zaidi ya yote, kuulizwa umeme uko wapi. Kila ukikatika, watu huja kubisha mlangoni kwake kana kwamba ameuficha chini ya kitanda. Naye huwajibu kwa sauti ya padri anayetoa baraka: "Itarudi." Hajawahi kusema uongo. Umeme hurudi kweli. Siku hajawahi kutaja.

Zamani alifundisha hesabu shule ya msingi, mpaka magoti yakagoma kupanda vilima. Baada ya kustaafu alikaa barazani akihesabu mapikipiki, kazi ambayo haikumnenepesha. Kilichomfufua ni kompyuta ya binti yake.

Carine, binti huyo, ni muuguzi kisiwani Idjwi. Kituo chake cha afya hakikuwa na umeme, kwa hiyo kompyuta aliiacha nyumbani kwa wazazi, na ndani ya kompyuta aliacha kiwanda. Ni mchezo: unatupwa kwenye nchi tupu, unachimba chuma, unayeyusha, unajenga mashine, na mashine zinajenga mashine nyingine. Carine alianza kukijenga kiwanda hicho tangu alipokuwa mwanafunzi. Alimwonyesha baba yake jinsi ya kutembea ndani yake, "ili usichoke na baraza," akapanda boti akaenda zake. Venant alitembea. Kisha akahamia kabisa.

Kiwanda kilikula umeme, na umeme ulitoka kwenye mvuke. Kando ya ziwa la mchezo zilisimama boila zimepangwa mstari. Pampu ilizijaza maji, makaa ya mawe yaliwaka chini yake, mvuke ukaenda kuzungusha injini. Makaa yenyewe yalichimbwa na mashine za umeme, yakaletwa na mkanda, na mikono ya chuma, ya umeme pia, ikayatia motoni. Kwa maneno mengine, umeme ulijilisha wenyewe, kama mbunge.

Mchezo ulikuwa wa Kifaransa na boila ziliitwa chaudières, lakini Venant alikataa makuu hayo yote. Aliziita sufuria.

"Tangu unioe hujapuliza hata mbabula moja," alisema mkewe Domitille, aliyekuwa akipepea jiko lake la makala, yaani mkaa, mlangoni. "Leo uko unapikia nani mu ile sufuria?"

"Napika courant," alijibu Venant, maana umeme kwetu huitwa kwa Kifaransa.

"Basi utupakulie hata sahani moja."

Mambo yalikwenda hivyo, kwa amani, mpaka Carine alipopiga simu.

"Papa, kituo yetu imepata panneau solaire, tuko na courant ya jua. Samedi nakuja kubeba kompyuta yangu."

Venant akaivuta kompyuta karibu na kifua.

"Papa? Kiwanda iko inatembea?"

"Inatembea sana, mama. Inakimbia."

"Sawa. Nikikuta inatembea, nitakuachia, nitatafuta ingine. Lakini nikikuta moto ilizimika, naibeba. Tumeelewana?"

Walielewana. Na hapo mtu mwenye akili angekaa kimya, asiguse kitu, angoje Jumamosi. Venant aliamua kumfurahisha binti yake. Alipanga taa kandokando ya njia zote za kiwanda, akaongeza safu ya matanuri, akajenga hata uwanja wa taa mitupu, usiochimba wala kuyeyusha chochote, kwa ajili ya kupendeza. Sufuria zikalemewa. Taa zikafifia, mashine zikaanza kutembea kama watu waliotoka mazishini.

Maji yalikuwepo. Makaa yalikuwepo, mlima mzima. Mchezaji wa nchi nyingine yoyote angeongeza boila mbili na kwenda kula. Lakini Venant ni mtu wa Bukavu, na mtu wa Bukavu anajua kwamba umeme usipotosha hauongezwi. Unagawanywa.

Akapachika swichi tatu. Akakata kiwanda vipande vitatu, akavipa majina ya komini tatu za mji wetu: Ibanda, Kadutu na Bagira. Ibanda ikiwaka, Kadutu inalala. Kadutu ikiamka, Bagira inangoja. Alisimamia zamu mwenyewe, bila upendeleo, bila simu ya mkubwa, bila shemeji wa mtu yeyote. Ilikuwa délestage, yaani mgao wa umeme, safi kuliko zote zilizowahi kuonekana chini ya mbingu hii, na machozi yalimlenga kwa jinsi ilivyokuwa ya haki.

Kisha zamu ya kulala ikaifikia Bagira. Bagira ndiko zilikokuwa mashine za kuchimba makaa na ile mikono ya kulisha moto. Akaizima kwa moyo mweupe. Sufuria zikamaliza makaa yaliyokuwa tumboni, zikapoa. Injini zikasimama. Akaiwasha Bagira haraka, lakini umeme wa kuwasha ulikuwa umekwisha. Giza likaingia Ibanda, Kadutu na uwanja wa taa mitupu.

Kurudi nyuma hakukuwezekana. Mchezo ulijihifadhi wenyewe, na nakala za zamani Venant alikuwa amezifuta zote siku moja alipoona zinachafua kompyuta. Mwalimu hapendi takataka.

Hapo akafanya alichokijua. Akafunga mikono kifuani, akakaa mbele ya kioo cha kompyuta, akangoja umeme urudi.

Jirani yake Alphonse, fundi cherehani, alikuja kuazima mkasi akakuta msiba.

"Chef, kuna nini?"

"Wamekata."

"Ba nani?"

"Sijui. Wamekata tu."

Alphonse akavuta kiti, akatazama lile giza kwa masikitiko ya mtu mzoefu. "Ni juu ya mvua."

"Kule hakunyeshi."

"Basi transfo ya nguzo imeungua."

"Labda." Venant akawaza kuunda ujumbe wa kwenda kulalamika, kama anavyofanya kila mara kwa niaba ya avenue. Akakumbuka kwamba mule ndani hakuna mtu mwingine. Wakangoja wote wawili. Ijumaa yote kompyuta ilikwenda kuchajiwa kwenye kibanda cha kuchaji kwa paneli za jua na kurudi, na kila ilipofunguliwa giza lilikuwa pale pale, limekaa vizuri.

Jumamosi Carine akapanda kutoka bandarini na mananasi mawili ya Idjwi na begi la kompyuta, tupu. Akasalimia, akambusu mama yake, akafungua kompyuta.

"Papa."

"Courant imekatika, mama. Lakini itarudi."

"Itarudi kutoka wapi?"

"Inarudiaka yenyewe."

Carine akaona zile swichi. Akasoma majina, Ibanda, Kadutu, Bagira, moja baada ya jingine, na mdomo wake ukaanza kucheza. "Papa, ulifanya délestage mu mchezo?"

"Ilikuwa ya zamu," alisema Venant kwa heshima zake.

"Sasa nakuuliza. Mule ndani, société ya courant, ile yenye kukataka, ni nani?"

Venant akatazama mlango, kama anayetumaini mtu mwingine ataingia aitike. Hakuingia mtu.

"Ni mimi?"

"Ni weye."

Sijui kama kuna habari ngumu kuliko hiyo kwa mtu aliyetumia nusu ya maisha yake kuwalaani wahusika.

Carine akaliweka begi mezani, zipu wazi. "Mimi sigusi. Weye ulizimisha, weye utawasha. Nikimaliza kula na moto haijawaka, naibeba." Domitille akampakulia bugali na sambaza, vile visamaki vya ziwani, akampakulia kidogo kidogo, maana mke ni mke.

Venant alizunguka sufuria zake zilizopoa. Mwishowe akamwegemea mkewe, akanong'ona: "Mama Carine, moto ikizimika na makala haiko, unafanyaka nini?"

"Natafuta kuni. Ulizani nangojaka?"

Akashika shoka la mchezo. Yule mtu wake mdogo akaingia msituni, akakata miti, akabeba kuni kwa mikono, akazitia kwenye boila ya kwanza. Mvuke ukapanda. Injini ikajikuna, taa zikatetemeka. Na Venant, kwa mazoea ya haki, akazifungulia komini zote tatu kwa pamoja. Zikanyonya ule umeme kidogo kwa mkupuo mmoja, zikafa tena.

"Chef!" Alphonse alipiga kelele kutoka dirishani. "Wamekata tena!"

"Nyamaza, Alphonse. Ni mimi."

Carine aliacha kutafuna. Akachukua sambaza mmoja, akaanza kumtoa miba polepole sana, kazi ambayo hakuna mtu aliwahi kumfanyia sambaza.

Venant akarudi msituni. Safari hii aliifunga Ibanda, akaifunga Kadutu, akaupeleka umeme wote Bagira. Mashine za makaa zikaguna, zikaanza kuchimba. Mkanda ukatembea. Mikono ikainama, ikainuka, sufuria zikashika moto moja baada ya nyingine. Akaifungulia Kadutu. Kabla ya kugusa Ibanda alijenga boila mbili mpya kando ya ziwa, akajiona mwanamapinduzi. Kisha akafungua, na kiwanda chote kikawaka mpaka uwanja wa taa mitupu.

"Eeeeeh! Imerudi!" alipaza Venant.

Ni ule ukelele wetu wa umeme unaporudi, unaujua. Avenue nzima ikaupokea, eeeeh, mpaka bondeni. Alphonse akakimbilia pasi yake. Watu wakachomeka simu, wakawasha redio, wakabofya na kubofya. Hakuna kitu. Baada ya muda walikuwa wamejaa mlangoni.

"Chef, ulisema imerudi! Iko wapi?"

"Ile ilirudi ni yangu," alisema Venant. "Yenu mungoje."

Jumapili Carine alirudi bandarini na begi lake limejaa unga wa muhogo na maharage ya mama yake. Kompyuta ilibaki mezani, kwa sharti moja: swichi zote zing'olewe. Venant aling'oa ya Kadutu na ya Bagira siku hiyo hiyo. Ile ya Ibanda bado ipo. Haiguswi, lakini chef asiye na hata kitu kimoja cha kukata, watu watamheshimu kwa lipi?