Mwalimu Aliyetaka Kuwa Leta

Nakumbuka, mwanangu, mtoto wa binti yangu, asubuhi ambayo wanawake wa kijiji chetu walipita barabarani wakiimba, magunia ya makala, makaa ya miti, vichwani, kwa sababu bariere ya Leta, kile kizuizi cha serikali barabarani, ilikuwa imeng'olewa. Nilikuwa msichana, sijaolewa bado. Niliimba nao, na sauti yangu siku zile ilikuwa tamu, si hii ya kukwaruza unayoisikia leo.

Nataka nikusimulie siku ile na yaliyoifuata. Juzi mlipoketi hapa uani, kwenye lupango langu, wewe na wenzako mnaochimba, mimi nilikuwa nachambua sombe, majani ya mihogo, na masikio yangu hayakuwa na kazi. Nilisikia habari za yule mtu anayezunguka hapa Musonoi akiwanunulia vijana pombe, akiwaambia kwamba machimbo mlikofukuzwa yatarudi mikononi mwenu kwa bunduki tu. Sikusema neno. Bukari la moto, ugali wetu huu, halishikwi. Unalingoja lipoe kidogo, ndipo unalimega. Leo naona limepoa.

Sisemi hamna sababu ya kukasirika. Ukuta wangu huo wa nyuma umepasuka kwa baruti za hao waliowafukuza machimboni, na hakuna aliyekuja hata kuutazama. Nimewaona mkirudi kutoka shimoni mnachechemea, mmepigwa na walinzi, na mizigo yenu imebaki kule. Mwenye kovu usidhani kapoa, wahenga walisema. Na mimi kovu langu liko, sikiliza.

Sisi tulikaa upande wa Mutshatsha, mbali na reli, katika kijiji cha mihogo na makala. Serikali, ambayo sisi tunaiita Leta, tuliijua kwa mti mmoja tu: ule uliolazwa barabarani. Hapo askari walikaa kivulini, na kila mwanamke aliyekwenda kuuza alipunguziwa mzigo wake. Nyumba ya dawa ilikuwepo, lakini muuguzi alikuwa ameondoka na mlango ulifungwa kwa kufuli. Shule nayo ilikuwa kuta za udongo, na kaka yangu.

Kaka yangu aliitwa Muteba. Sisi tulimwita Yaya, kwa kuwa ndiye aliyetutangulia kuzaliwa. Alikuwa mwalimu. Mshahara alioahidiwa haukufika, na yeye akaendelea kufundisha hivyo hivyo, chaki ikimkaa kwenye nywele kama mvi za mtu aliyeharakisha uzee. Wazazi wa watoto walimletea mihogo, samaki wakavu, kuku siku ya sikukuu. Walimlimia shamba lake bila kuitwa. Watu wakigombana juu ya mpaka wa shamba, walikwenda kwa chifu kwanza kwa heshima, kisha wakapitia kwa Yaya ili wapate kuelewana. Umri wake haukuwa mkubwa kuliko wako. Yakumbuke hayo, maana ndiyo utajiri wote tuliokuwa nao na hatukujua.

Basi wakaja watu na askari, wakasema msitu ulio nyuma ya kijiji umepewa wanaotafuta madini. Hakuna aliyetuuliza. Walivunja tanuru zetu wakati miti ndani yake ikiungua polepole. Hewa ikaingia, na makala yote yakawa jivu. Wanawake walisimama wakitazama kazi yao ikipeperuka.

Yaya alipanda baiskeli akaenda Mutshatsha kutusemea. Alichana nywele, akavaa shati lake la kwendea kanisani. Mkubwa mmoja wa ofisi alimwacha juani kutwa nzima, na alipoingia akaanza kusema, yule mkubwa alimwita muasi kabla hajawa muasi. Akapigwa nyayo. Alirudi akikanyagia pembeni mwa miguu, baiskeli imebaki huko. Mama alimkanda kwa maji ya chumvi. Watoto walikuja mlangoni wakiuliza, "Mwalimu, tunasoma leo?" Akawaambia, "Hapana. Rudini kwenu."

Baada ya hapo aliingia msituni pamoja na wanafunzi wake wakubwa. Huko kulikuwa na mtu mgeni mwenye bunduki, waliyemwita Radi. Asili yake hatukuijua. Tulijua tu kwamba hakuwa na shamba wala ndugu katika nchi yetu.

Walivamia bariere asubuhi moja, askari wakakimbia. Hiyo ndiyo asubuhi niliyokuambia. Yaya alisimama kando ya barabara na bunduki begani, akacheka kama nilivyokuwa sijamwona akicheka tangu apigwe. Akapaza sauti:

"Bamama, pitieni! Shiye njo Leta sasa!"

Kusikia kwamba sasa wao ndio serikali, vigelegele vilipanda. Mama yetu, mwanamke mkimya, mtu wa sala, alishusha gunia lake akacheza pale pale katikati ya barabara. Nani angemlaumu? Mtu aliyemwagiwa maji machafu miaka yote, akimwona mwanawe ameipindua ndoo, atafanya nini?

Lakini msitu haulimi, mwanangu. Wale vijana walihitaji kula. Mwanzoni waliomba, tukawapa kwa moyo mweupe, walikuwa wana wetu. Walivunja kufuli ya nyumba ya dawa, wakatugawia kilichokuwemo, tukawashukuru. Kilipokwisha, hakuna aliyejua dawa nyingine itatoka wapi. Shule ilibaki imefungwa. Kisha Radi akaanza kutuma watu wake nyumba kwa nyumba, na kuomba kukageuka kuagiza. Mwenye njaa hana miiko. Mwenye njaa na bunduki hana hata aibu.

Msimu wa mvua ulipoanza, baba alishikwa na homa isiyoachia. Mama nami tukafunga magunia ya makala kwenye baiskeli ya kuazima, tukaenda kuuza Mutshatsha ili tununue dawa. Tulipovuka kijito tukaona mti umelazwa barabarani. Ulikuwa mti mpya, mahali papya. Wenye kuulinda walikuwa wanafunzi wa Yaya. Mmoja wao nilikuwa nimekaa naye dawati moja, na bado alikuwa akivuta pua kama zamani. Hakunitazama usoni.

"Mama, ni mchango wa kazi," alisema. "Gunia moja."

Wakaanza kufungua kamba. Mama hakuwazuia. Alisema tu, kwa sauti ya mtu anayeomba maji ya kunywa, "Muniitie mwana yangu."

Yaya alitoka kwenye kibanda. Alikuwa amekonda na ndevu zimeota ovyo. Alimwamkia mama kwa kupiga makofi taratibu na kuinama, desturi ya kwetu, na bunduki ikamwangukia mbele alipoinama, akaisukuma nyuma.

"Muteba," mama alisema, "baaskari ya Leta balikuwa banakamata gunia yangu moja na kunitukana. Weye unakamata moja, na unataka nikuambie aksanti."

"Mama, tunapigana juu yenu, kwa faida yenu."

"Nani alikutuma?"

"Batu balinituma."

"Batu gani? Mi ni mutu. Haukuniuliza."

Yaya akatazama chini. Wale vijana waliacha kufungua kamba. Mama akaendelea polepole, wala hakupandisha sauti. Alisema: "Wakati ulikuwa mwalimu, batu balikuwa banakuletea mihogo mpaka mu nyumba, bila kubaomba. Sasa unaomba na bunduki ku mukono. Wakati gani ulikuwa mukubwa, mwana yangu? Wakati ule, ao sasa?"

Yaya akawageukia wale vijana, akasema, "Murudishe gunia." Wakalirudisha. Akafunga kamba kwa mikono yake, akajaribu fundo kama ni imara, akashika usukani wa baiskeli na kuisukuma nasi hadi ng'ambo ya mti ule. Hapo akasimama.

"Tata anaendelea namna gani?" aliniuliza.

"Homa haimwachi, Yaya."

"Muambie nitakuja."

Hayo ndiyo maneno ya mwisho niliyosikia kinywani mwake.

Yaliyobaki nilisimuliwa na katekista wetu, aliyeyaona. Yaya alitaka mti ule uondolewe, na shule ifunguliwe upya. Radi alimcheka mbele ya wote: kamanda gani anayeogopa mama yake? Walio wengi wakamfuata Radi, kwa kuwa kwa Radi ndiko kulikokuwa na chakula. Wachache wakamfuata mwalimu wao. Hao ndio aliowatoa msituni, akamwomba katekista awasindikize hadi Mutshatsha na kitambaa cheupe, wasalimishe silaha. Askari waliwapokea kwa maneno mazuri. Waliwapa maji. Kisha wakawapandisha, Yaya na wanafunzi wake, kwenye behewa la treni inayokuja huku kwetu, Kolwezi, na katekista akaambiwa arudi nyumbani, kazi imekwisha.

Treni ilifika. Yaya hakufika. Tumeuliza katika kila mlango uliokubali kufunguliwa. Hakuna aliyetuambia amekufa, hakuna aliyetuambia yu hai.

Kijiji kiliteketea muda mfupi baadaye. Askari walisema ni watu wa Radi, watu wa Radi wakasema ni askari. Moto wenyewe haukusema. Kuna methali isemayo dawa ya moto ni moto. Anayeipenda methali hiyo hajawahi kuona nyumba za nyasi zikiwaka kwa pamoja upepo ukivuma. Tulikimbia na tulichovaa. Baba tulimzika njiani, karibu na reli. Ndivyo tulivyofika Musonoi, na ndivyo ulivyonikuta hapa.

Mama aliishi miaka mingi katika nyumba hii. Jirani wakisikia habari yetu walimsifu kwa maneno aliyosema pale kijitoni, na yeye alikuwa akiinuka na kutoka nje. Nilidhani ni uchungu wa mwana. Jumapili moja, tumetoka misa, akiosha sahani, aliniambia bila mimi kumuuliza: "Maneno yangu ilikuwa ya kweli. Lakini ilichelewa. Siku ile tulicheza, ile njo ilikuwa siku ya kumuuliza."

Nikamwambia, "Mama, nani anauliza maswali kwenye furaha?"

Akasema, "Mama. Mama njo anauliza." Akaendelea kuosha sahani iliyokuwa imekwisha takata.

Mwanangu, huzuni yangu si kwamba kaka yangu alikasirika. Alikuwa na haki ya kukasirika. Leta iliyomwacha juani na kumpiga nyayo ndiyo iliyompeleka msituni, na hilo sitalificha hata mbele ya mkubwa yeyote. Mkono unaochukua tu bila kutoa huzaa watoto wanaoukata. Huzuni yangu ni kwamba nchi yetu ilikuwa na mtu mmoja ambaye watu walimtii kwa mapenzi, na mtu huyo akadhani bunduki itamwongezea ukubwa. Sisi tuliompenda tukampigia vigelegele badala ya kumshika mkono.

Ndiyo maana nakuambia leo, kabla hujakwenda popote. Yule anayewanunulia pombe, mwulizeni: tukimaliza kuwafukuza, tutakula nini, na kwa nani? Mwulizeni shamba lake liko wapi na mama yake anaitwa nani. Akikasirika kwa kuulizwa akiwa mgeni, atafanya nini akiwa bwana? Madai yenu msiyaache. Yasemeni mchana, mkiwa wengi, na sisi wazee twende mbele yenu, nami nitachukua fimbo yangu nitembee, hata kama tutaachwa juani. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini ufa hauzibwi kwa kuwabomolea ukuta walio ndani. Na kama siku moja mmoja wenu atapewa kiti, awe chifu, awe karani, awe mkubwa wa ofisi, ajue kwamba cheo ni dhamana. Jipime kwa kile watu wanachokuletea pasipo kukuogopa. Kisipokuja kitu, wewe hutawali. Umekalia watu tu.

Na ukimwona unayempenda anaanza kupotea huku watu wanashangilia, usingoje shangwe ziishe. Mwulize siku hiyo hiyo, hata wakikuchukia.

Sogea nikushike kichwa. Mungu akulinde ukiwa shimoni na ukiwa juu ya shimo. Akupe riziki isiyomliza mwanamke yeyote njiani. Wazee wako waliolala kule upande wa Mutshatsha, wenye kaburi na wasio na kaburi, wakutaje kwa jina, na wakurudishe jioni nyumbani kwa mama yako ukiwa mzima. Nenda, mwanangu. Anakungoja.