Bibi Mifugo na Mshipa Uliotuna

Siku yangu ya kwanza kazini Handeni, Afisa Mifugo wa Wilaya alinikuta nimesimama mbali na josho, lile bwawa jembamba la dawa wanamoogeshwa ng'ombe ili kupe wafe. Nilikuwa nimevaa viatu vipya.

"Binti, ng'ombe hasomi cheti," alisema. "Sogea akuzoee."

Nilisogea, ng'ombe akajitosa na kunirushia dawa hadi usoni. Tangu hapo nikawa mtu wa pikipiki, kasha la chanjo lenye barafu nyuma yangu, kwa kuwa chanjo ikipata joto haifai tena.

Miaka ilipita. Nikiwa kituo cha Mazingara, tayari mjane, pikipiki iliteleza mchangani nikaangukia kichwa. Nilipelekwa hospitali kubwa, nikapigwa picha ya kichwa. Anguko halikunidhuru, daktari alisema, ila mshipa mmoja wa damu kwenye ubongo ulikuwa umetuna kama kipovu.

"Haujapasuka, na huenda usipasuke kamwe. Kwa udogo wake na mahali ulipo, ni salama zaidi kuuangalia kuliko kukupasua. Meza dawa za presha, usivute sigara, urudi tukikuita. Ila kichwa kikikupiga ghafla kwa namna usiyowahi kuisikia, usingoje hata kidogo. Njoo."

"Na kazi?"

"Fanya. Mizigo mizito waachie wengine."

Niliwaeleza wenzangu, maana anayezunguka porini hana budi kusema. Upweke ukaanza hapo. Nikiingia ofisini, vicheko vilikatika. Hakuna aliyebishana nami tena. Mkuu wa Idara alinipa meza dirishani.

"Pumzika, mama."

"Mkuu, hata nikikaa mshipa umo humo humo."

Alinirudisha porini, lakini kwa gari. Dereva alinichungulia kwenye kioo njia nzima, kama aliyepakia mayai.

Mama Naserian, mfugaji wa Kimasai, ndiye pekee aliyeniuliza waziwazi: "Kichwa kinauma?"

"Hapana."

"Basi shuka, ng'ombe wako juani."

Nilishuka huku machozi yakinilenga.

Sasa nimestaafu, naishi Korogwe. Asubuhi natembea hadi darajani na kurudi. Wanangu wakipiga simu huulizia kichwa tu. Kuna siku nikiinama kufunga kiatu nasikia damu ikivuma masikioni. Nasimama wima, nasubiri, naendelea.

Juzi kijana aliyehamia jirani, asiyejua habari zangu, alikuja mbio. "Shikamoo bibi! Nimeambiwa ulikuwa bwana mifugo. Mbuzi wangu anashindwa kuzaa!"

Nilinawa kwa sabuni, nikaingiza mkono taratibu, nikaugeuza mguu wa mtoto uliokunjika. Alitoka akipiga chafya.

"Bibi, bado uko imara!" kijana alisema akicheka.

Habari za mshipa sikumwambia. Niliomba maji ya kunawa, nikakaa kwake hadi kitoto kiliponyonya.