Mlio wa Kwenye Kona ya Lango

Gari la marehemu mume wangu lilikuwa na mlio. Kila lilipokata kona kali kwenda kulia lilisema ka-ka-ka, na huko kwetu Kasigau ndivyo tulivyojua amefika. Mama yake, ambaye macho yamefunikwa na ukungu, aliusikia akiwa barazani na kusema, "Songeni ugali, huyo amekuja."

Baada ya mazishi niliendelea kuliendesha hivyo hivyo. Watu waliniambia nilitengeneze, nami nikawa naitikia tu. Kisha mama mkwe akaitwa kliniki ya macho Voi. Sikuweza kumpakia kwenye gari linaloweza kukatika shafti, kile chuma kinachozungusha gurudumu, katikati ya njia ya ndovu. Siku moja kabla, nikalipeleka gereji.

Fundi alitoa gurudumu la mbele la kushoto. Nikamwambia mlio unatoka nikikata kulia.

"Ukikata kulia, uzito unalalia kushoto. Sogea, mama, utachafuka."

"Nitafua."

Nilichuchumaa palepale. Nilitaka kuona ule mlio ulikuwa unakaa wapi. Akafungua nati kubwa ya katikati, akaingiza chuma kirefu na kuibandua shafti ya zamani kutoka kwenye giaboksi. Oili ikachuruzika. Kwenye jointi, pale shafti inapojikunja karibu na gurudumu, mpira ulikuwa umepasuka, grisi imekwisha, mchanga mwekundu umejaa ndani. Akapangusa gololi, akanionyesha zilivyokula chuma.

"Huyu dereva alikuwa anakunja usukani mpaka mwisho, halafu anakanyaga mafuta. Alikuwa anaenda wapi huyu?"

Nikafikiri. Tulipozungushia shamba waya wenye vipande vya mabati, ili ndovu waogope kelele, lango lilibaki kwenye kona, juu ya kamwinuko. Huwezi kuingia bila kukunja usukani wote kulia na kuongeza mafuta.

"Nyumbani," nikasema.

Fundi akaisukuma shafti mpya kwenye giaboksi hadi ikalia tak, akaivuta, haikutoka. Niliuliza imeshikwa na nini. Akanionyesha kwenye ile ya zamani kipete cha waya kinachojibana kikiingia na kutanuka kikishafika ndani. Nikakibonyeza kwa kidole, mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

"Sasa panda, ukanyage breki nikaze nati."

Nikakaa ukingoni mwa kiti, kama siku zote. Bado sijakisogeza, kimekaa kwa urefu wa miguu ya mume wangu.

"Hii ya zamani nitupe?"

"Nipe."

"Utaipanda shambani?"

"Huenda ikaota gari."

Jioni nilikata kona ya lango kimya kabisa. Mama alishtuka nilipomshika bega.

"Gari umeliacha wapi?"

"Nimekuja nalo, mama. Limetengenezwa."

"Basi uwe unapiga honi. Mimi si mtu wa kunyatiwa."

Nikampakatisha ile shafti juu ya gunia. Akaipapasa mpaka akafika kwenye jointi, akaizungusha. Ka. Akaizungusha tena.

"Kumbe ni haka kachuma," akasema. "Nami nilidhani ni gari zima."

Asubuhi tulitoka kwenda kliniki. Nilipofika kwenye kona nikapiga honi, ingawa tulikuwa tunatoka na nyumbani hapakubaki mtu wa kuisikia.

"Hivyo," akasema mama, akafunga mkanda.