Gari Lililolinda Nafasi Yake

Nilipoolewa Timbwani, miaka michache kabla ya uhuru, jambo la kwanza nililofundishwa na mama mkwe wangu halikuwa mapishi. Nilifundishwa kuchungulia dirishani kuona gari la jirani liko wapi.

Mbele ya nyumba yetu palikuwa na kipande kimoja tu cha ardhi ngumu, cha kutosha gari moja. Kwengine kote mchanga, gurudumu likiingia halitoki bila ya kusukumwa. Watu wa mbali waliovuka feri kwa miguu kwenda mjini walikuwa wakiyaacha magari yao pale kutwa, hata baraza la mji likachoka na malalamiko yetu, likatoa vibali kwa wakaazi, karatasi ya kubandika kiooni. Baba mkwe alipata kibali. Jirani wa nyumba ya pili, mzee muuza nguo wa ukoo wa kale, naye akapata chake. Aliyetoa vibali viwili kwa nafasi moja hakuwahi kuja kupaona, na mpaka leo ningependa kukutana naye.

Ugomvi wao ulikuwa na adabu zake. Walisali bega kwa bega, na wakitoka msikitini wakiulizana hali za wake, watoto, wajukuu na hata kikohozi, kisha ndipo jirani aseme, "Na gari lako, lingali papo hapo?"

"Lingali papo hapo, alhamdulillahi. Na lako?"

"Mchangani. Inshallah halitazama."

Sahani nazo hazikukoma, maana kwetu sahani ya jirani hairudi tupu. Mkewe akileta vitumbua, sisi tukirudisha mahamri. Nilinenepa mwaka ule kwa ugomvi wa wanaume.

Ushindi wa baba mkwe ulikuwa rahisi: gari lake halikuondoka. Aliona akilitoa tu, jirani ataingia. Basi kila asubuhi alilifuta vumbi, kazini akaenda kwa baiskeli, na jioni akakaa barazani akilitazama. Sisi tulicheka, mpaka tulipomwangalia mama mkwe. Alikuwa amebakiwa na dada mmoja tu, kipofu, akikaa Mkomani, ng'ambo ya feri, na kila Ijumaa alikuwa akipelekwa kumwona kwa gari hilo. Magoti yake hayakuweza tena mabasi. Ijumaa ya kwanza aliambiwa, "Juma lijalo, inshallah." Ya pili vivyo hivyo. Ya tatu hakuuliza, na hilo liliniuma kuliko kama angelia.

Nikachukua sahani ya mkate wa sinia, nikamwendea mke wa jirani, nikamweleza yote.

Ijumaa iliyofuata mume wangu alirudi kutoka msikitini akicheka peke yake. Jirani, alitusimulia, alimshika baba mkono mbele ya watu akamwambia, "Naomba ruhusa. Mke wangu aenda Mkomani, ataka afuatane na dada yangu, mkeo."

Angekataaje? Kumnyima jirani jambo la heri mlangoni mwa msikiti, wallahi, ni aibu ya kuhama mtaa. Mama mkwe akavaa buibui, akapita ubavuni mwa gari letu linalong'aa, akajikokota mchangani hadi kwenye gari la jirani.

Jioni liliporudi, lilisimama kule kule mbali. Baba mkwe alimwona mkewe akihangaika kuteremka, akainuka mbio, akaingia garini mwake ili awapishe. Gari halikuwaka. Lilikuwa limekaa mno. Jirani akakunja kanzu, mume wangu akaja, wakalisukuma mpaka mchangani, nalo likazama. Kisha jirani akaleta lake mpaka mlangoni petu.

Mama mkwe aliposhuka alimwuliza mumewe, "Nafasi hii ulikuwa ukimwekea nani?"

"Wewe," akasema, macho chini. "Usikanyage mchanga na magoti hayo."

Mama mkwe alicheka, lakini mimi nilitaka kulia. "Dada yangu leo amenipapasa uso mzima," akamwambia. "Alidhani nalikuwa mgonjwa, nanyi mwamficha."

Kesho yake baba mkwe alimwita fundi, gari likakwamuliwa na kuwashwa. Ijumaa iliyofuata alimpeleka mwenyewe, nami nikafuatana nao. Njia nzima ya kurudi hakutaja nafasi, lakini nilimwona anavyoubana usukani. Tulipoingia mtaani tukamkuta jirani ameweka kiti katikati ya ile ardhi ngumu, amekaa na tasbihi yake, akiwafukuza watu wa feri. Aliinuka polepole, akauliza hali ya dada wa Mkomani, kisha akavuta kiti chake kando, tukaegesha.