Makala Yangu ya Pekee Kuhusu Migomba ya Kwetu

Makala yangu ya pekee ilikaa mtandaoni zaidi ya mwaka bila mtu kuirejelea. Ilihusu ugonjwa wa mnyauko wa migomba katika mashamba ya Ekerenyo, nyumbani kwetu, na ilitokana na tasnifu yangu ya uzamili. Kila asubuhi, kabla ya kunawa uso, nilifungua simu kuangalia kama kuna mtafiti yeyote aliyeitaja. Sifuri. Labda kichwa chake ni kirefu mno. Labda wanaisoma na kunicheka.

Kisha chuo kimoja mjini Kisii kikatangaza nafasi ya mtafiti msaidizi. Walitaka mtu aliyechapisha, na ambaye kazi yake imerejelewa na wenzake. Niliomba hivyo hivyo. Siku chache baadaye ile sifuri ikawa moja.

Niliogopa ni hitilafu ya mtandao, nikaitafuta makala ya huyo aliyenirejelea na kuisoma nikiwa nimesimama jikoni, chai ikifurika na kuzima moto. Aliandika kwamba, kwa mujibu wa utafiti wangu, upande wetu mnyauko ni haba, kwa hiyo miche ya kupandwa kaunti nyingine inaweza kuchimbwa huko. Niliisoma tena kwa furaha. Kazi ningeipata.

Sabato iliyofuata nilienda nyumbani. Baada ya kanisa, tulipokuwa tukimenya ndizi, nilimweleza mama jinsi nilivyosifiwa kwa kuonyesha kwamba kwetu mnyauko ni haba.

"Kumbe tulikusaidia!" akasema. "Ungeona ile kazi tulifanya."

"Kazi gani, mama?"

"Wewe ulete wageni wa chuo kikuu halafu wakute migomba inaoza? Nilizunguka mlima wote huu. Tuling'oa yote iliyonyauka, tukaitupa bondeni, tukapanda viazi pale pale. Hata yule jirani yetu mvivu aling'oa! Nilimwambia, ukiniaibisha mbele ya wageni wa mtoto wangu, usikanyage kwangu tena kuomba chumvi."

Alicheka mpaka akaweka kisu chini. Kwetu ua hufagiliwa kabla mgeni hajafika, na mimi niliyezaliwa hapo ndiye niliyetuma habari mapema kwamba tunakuja kukagua. Ule udongo uliochimbuliwa niliuona siku ya ukaguzi. Nilidhani ni viazi tu.

"Mbona umeacha kumenya?"

"Nimechoka, mama."

Jumatatu nilimwendea msimamizi wangu wa tasnifu, nikamweleza yote, na kwamba chuo cha Kisii kimeniita kwenye mahojiano.

"Tulia, msichana," alisema. "Mahojiano ni lini?"

"Alhamisi, Prof."

"Basi Ijumaa uandikie jarida uombe makala iondolewe. Kwa nini ujichimbie kaburi na jembe lako mwenyewe?"

"Na ile miche?"

"Miche itangoja siku nne."

Nilitaka sana awe sahihi. Nilijiambia huenda hakuna mche uliochimbwa bado. Kisha nikajiambia huenda lori linapakiwa miche yenye ugonjwa sasa hivi, na kwamba mkulima wa huko atasubiri mkungu, akute ndani ya ndizi kumeoza. Jumanne niliandika barua kwa mhariri, nikaifuta, nikaiandika tena, nikaituma kabla sijaisoma mara ya mwisho. Nilimwandikia pia yule aliyenirejelea. Alijibu kwa upole kwamba amesikitika, na kwamba miche ilishagawiwa wakulima kabla ya msimu wa mvua, makala yake ikiwa bado haijachapishwa.

Alhamisi mwenyekiti wa jopo alipitia karatasi zangu. "Makala moja, na tayari imerejelewa. Si haba kwa kijana."

"Nimeomba iondolewe," nikasema. Nilieleza sababu vibaya, nikirukaruka, nikirudia neno viazi. Mama mmoja kwenye jopo aliondoa miwani.

"Kwa hivyo sasa huna makala?"

"Sina."

"Asante kwa kuwa mkweli. Tutakupigia."

Hawakupiga. Mama ndiye aliyepiga, kutaka kujua waliniuliza nini. Nilifikiria kila jibu, na kila jibu la kweli lilimfikia yeye na jembe lake.

"Walitaka mtu aliyeandika mengi zaidi," nikasema.

"Basi andika lingine, mwanangu. Siku ukija tena na wageni, niambie mapema tutengeneze shamba."

Nikamwambia sawa.