Niling'olewa Meno Niwe Mwenyeji, Leo Natolewa Nje

Admin, ficha jina langu, ingawa wa hapa Magunga watanijua tu. Mimi ni mwanamume wa miaka hamsini na saba, mzaliwa wa upande wa Musoma, Tanzania. Nilivuka mpaka mwanzoni mwa miaka ya tisini kuchimba dhahabu Masara, huku Kenya. Dhahabu ya maana sikupata, nikapata mke. Naandika nikiwa na hasira, mnivumilie.

Mke wangu ni Mjaluo. Baba yake alikuwa ameshafariki, kwa hiyo posa niliipeleka kwa kaka yake mkubwa, huyu shemeji ninayetaka kumsema. Akaniambia mbele ya watu, "Sisi hatupei msichana mtu hajui lugha yetu. Na mdomo imejaa meno kama mtoto!" Wakacheka. Mimi sikucheka. Kijaluo nilijifunza mpaka nikawa nagombana nacho sokoni. Matanga yao nilikesha, mama mkwe nikajua kumpisha njiani kwa heshima.

Kisha, jamani, nikamtafuta mzee aliyekuwa bado anajua kung'oa meno sita ya chini, kama Wajaluo wa zamani walivyofanya. Chuma mdomoni, damu mpaka kifuani, ufizi ukanuka usaha hata mimi mwenyewe nikajichukia. Nikaenda kwa shemeji uso umevimba. Akaita watu waje waone. "Woi! Sisi wenyewe tuliacha hiyo maneno kitambo. Wewe nani alikutuma?" Walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Lakini msichana walinipa, na kipande cha shamba ndani ya boma lao, nikajenga.

Watoto wetu hawajui hata kusalimia kwa Kijita, lugha yangu. Ndugu zangu wa Musoma walishaniambia nimejifanya Mjaluo, basi nibaki huko huko.

Sasa kifungua mimba wetu, binti aliyezaliwa miaka ile ile ya tisini, anaolewa. Wakwe wanatoka Homa Bay Jumamosi hii kuleta mahari. Juzi shemeji alikuja kwangu, akala samaki wangu mpaka akalamba vidole, halafu akasema, "Jumamosi ni mimi nitaongea na wageni. Wewe utakaa nje na hao watu wa kuchoma nyama. Wewe ni jadak." Jadak ni mtu wa kuja, aliyepewa tu pa kukaa. Na aliyasema kwa Kiswahili, mtu ambaye miaka yote hii tunaongea Kijaluo!

Nikamuuliza kwa Kijaluo, "Baba wa huyu mtoto ni nani?"

Akanijibu tena kwa Kiswahili, "Baba ni wewe. Lakini boma ni yetu."

Ptuu! Watu wanapenda kusema mgeni ajifunze lugha na mila za wenyeji. Sawa, nimejifunza, nimejimaliza. Mbona hakuna anayesema mwenyeji naye afanye nini?

Shemeji ameapa nikiingia mle ndani atawarudisha wakwe na ng'ombe wao, na mimi boma lingine la kuwapokelea sina. Mke wangu analia tu. Jana binti yangu alinishika mkono akasema, "Baba, kaa tu nje hiyo siku moja, kwa ajili yangu. Sisi watoto tunajua wewe ndiye baba." Maneno ya mjomba wake yaliniudhi, lakini haya yalinivunja, maana na yeye ameshakubali nikae nje.

Wasomaji, niambieni kabla Jumamosi haijafika. Nikageuze nyama kwenye moshi huku mtu mwingine akipokea mahari ya mwanangu, au niingie nikae kwenye kiti cha baba, harusi ivunjike, na binti yangu asinisamehe maisha yake yote? Nifanye nini mimi?