Shavu la Kushoto la Mume Wangu

Mume wangu anaishi kwa kutupa mpira. Nikisema hivyo katika chumba cha walimu, wenzangu hudhani ni mpira wa miguu, kisha hudhani ni kriketi, kisha huacha kuuliza. Ni besiboli. Baba yake alipelekwa Marekani kikazi na serikali wakati yeye ana miaka minane, na katika mtaa walioishi hakukuwa na mchezo mwingine. Wazazi wake waliporudi Maskati, yeye alibaki asome. Masomo yakamezwa na mpira. Alipokuja kunioa, kutupa mpira ndiyo ilikuwa kazi yake.

Miaka minne ya kwanza ya ndoa yetu tuliishi huko, katika miji midogo ambayo hata Wamarekani wenyewe hawaijui. Timu ilisafiri kwa basi siku kumi, siku kumi na mbili, nami nikabaki na binti yetu mchanga, nikizungumza Kiswahili na mtu asiyeweza kunijibu. Halafu timu ikamwacha, kama timu zinavyowaacha watu, kwa mazungumzo ya dakika tano. Tukarudi Maskati, mtaa wa Ghubra, nyumbani kwa mama yake, ambaye alikuwa ameshafiwa na mumewe na alikuwa na vyumba vinne vitupu. Mavyaa wangu alinikumbatia mlangoni, akamchukua mtoto mikononi mwangu, na nikaona mabega yangu yameshuka kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu.

Mwaka wa pili baada ya kurudi, timu moja ya nchi jirani ya Imarati ikamwita. Kwao kuna msimu mfupi wakati wa baridi, wiki sita tu. Ni mwendo wa saa tano kwa gari, na mpaka mmoja. Alifurahi hata akasahau viatu msikitini, akarudi nyumbani pekupeku.

Lakini mtupaji hawezi kukaa miezi bila kutupa, halafu aingie uwanjani. Mkono husahau. Alihitaji nafasi ndefu iliyonyooka, na nafasi hiyo ilikuwa moja tu: ua wa ubavuni mwa nyumba, kutoka lango la gari mpaka mlango wa jiko. Akapima kwa hatua, akapima tena kwa kamba. Ilitosha, ila mahali pa kusimama yeye, ambapo alitaka kujaza kichuguu kidogo cha udongo, palikuwa na mti wa asmini wa mama yake.

"Mama, nautaka usogee hatua mbili tu."

"Asmini haijui hatua mbili," mama akasema. "Sogea wewe."

Walibishana siku tatu. Siku ya nne nilimkuta mavyaa wangu mwenyewe ameshika jembe, anachimba taratibu kuzunguka mizizi, huku mwanawe amesimama pembeni anashika matawi kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba mtoto wa wenyewe. Mti ukahamia karibu na tangi la maji, na ukachanua vilevile.

Alianza kwa kutupia godoro bovu alilolitundika langoni. Kila siku baada ya swala ya alfajiri, kabla jua halijapanda, nilisikia bum, kisha kimya, kisha nyayo zake akienda kuokota mpira. Godoro halirudishi mpira, wala halikwambii kama umetupa vizuri. Nilimtazama wiki nzima kupitia dirisha la jiko. Asubuhi moja nikatoka nje.

"Nipe hiyo glovu."

Akacheka. Kisha akaniona sicheki.

"Utaumia."

"Nitaumia. Nipe."

Kwa asiyeujua mchezo huu, mambo ni haya: mtupaji husimama juu ya kichuguu chake, na mbali mbele yake mdakaji huchuchumaa akiwa na glovu kubwa ya ngozi. Katikati yao, karibu na mdakaji, husimama mpigaji wa timu nyingine na gongo. Mtupaji anataka mpira umfikie mdakaji. Mpigaji anataka usifike. Basi. Mimi nikawa mdakaji.

Mipira mitatu ya kwanza niliikimbia. Wa nne ulinigonga kidole gumba, na nilitoa neno ambalo mavyaa wangu alilisikia kutoka chumbani mwake akafungua dirisha. Siku hiyo nilikwenda shuleni na kidole kimevimba kama tende, nikashindwa kushika kalamu ya ubaoni. Wanafunzi wangu wa biolojia wakaniuliza nimefanyaje. Nikawaambia nimedaka mpira. Darasa zima likacheka, na nadhani mpaka leo hawajaamini.

Mume wangu akaniletea vazi kamili la mdakaji: kinga ya kifua, kinga za miguu na kofia yenye vyuma mbele ya uso. Nilipotoka nimevaa hivyo, mavyaa wangu alikuwa barazani. Akaniangalia juu mpaka chini.

"Bibi yangu alikuwa akivaa barakoa ya kitambaa, akiilalamikia maisha yake yote," akasema. "Wewe mwenzetu umepata ya chuma."

Nikazoea. Ndani ya miezi miwili nilikuwa nadaka mipira ya mume wangu bila kufumba macho, na nakiri kwamba sijawahi kuwa na saa nzuri kuliko zile. Miaka yote ya Marekani nilimjua kama mtu anayeondoka na kurudi amechoka. Sasa nilikuwa upande wa pili wa kazi yake. Nilijifunza mpira wake wa kasi, unaolia kama kitambaa kinachochanwa, na mpira wake wa pole, ambao mkono unautupa kwa nguvu zilezile lakini unakwenda taratibu, mpigaji akazungusha gongo mapema kama mtu aliyeitikia salamu isiyokuwa yake. Ule wa pole ndio uliomfanya aitwe Imarati. Kazi yake yote ni kudanganya.

Msimu ulipoanza akaondoka. Tukakaa sebuleni Ijumaa, mimi, mavyaa wangu na binti yetu mwenye miaka mitano, tukaitazama mechi ya kwanza kwenye televisheni. Ilikuwa balaa. Kila alipotupa ule mpira wa pole, mpigaji alikuwa anausubiri, ametulia. Mpira ukaruka mara ukuta wa kushoto, mara wa kulia. Kocha akamtoa mapema. Mechi ya pili ikawa hivyohivyo. Binti yetu akajifunika mto usoni.

Mume wangu alipiga simu baadaye. "Sijui kitu gani," akasema. "Mkono uko sawa. Mpira unakwenda vizuri. Lakini ni kama wananisoma moyoni." Kocha alikuwa amemwambia kwamba atapewa mechi moja zaidi, kisha atakaa benchi. Walipewa mapumziko ya siku tatu, akaamua kuja nyumbani.

Alifika amenyong'onyea. Alimbeba binti yake mabegani kama kawaida lakini hakuimba. Asubuhi yake tukaingia uani kama desturi yetu. Mavyaa wangu akaleta kiti na ungo wa mchele, akakaa kando ya tangi la maji, anachambua. Kwa kawaida hakai nje saa hizo. Nafikiri alitaka tu kuwa karibu na mwanawe.

Mume wangu akatupa. Nikadaka.

"Kweli," mavyaa akasema, bila kuacha kuchambua mchele.

Akatupa mwingine.

"Kweli."

Akajipanga tena, akanyanyua mguu.

"Uongo," mavyaa akasema, kabla mpira haujatoka mkononi. Ukaja ule wa pole.

Nilidhani anazungumza na mchele. Akatupa mara nyingine tano, na kila mara nikasikia sauti yake kwanza, kisha mpira. Kweli. Uongo. Uongo. Kweli. Uongo. Hakukosea hata mara moja. Nikasimama, nikavua kofia.

"Mama, unasema nini?"

"Nnasema nnachokiona. Mpira mwengine anautupa kwa kweli, mwengine anataka kukudanganya."

Mume wangu akashuka kwenye kichuguu chake. "Unajuaje, mama?"

"Nnakujua mimi. Nilikuzaa mimi." Akaweka ungo chini. "Tangu una miaka minne, ukitaka kunidanganya shavu lako la kushoto linavimba. Kidogo tu, kama mtu kaficha kashata. Aliyekula halwa ya wageni nani? Ukaniapia ni paka, na shavu liko hivi." Akalionyesha, akivimbisha lake. "Nikakwambia, paka hafungui kopo, mwanangu."

Mume wangu akashika shavu lake. Nikamwambia arudi juu atupe, na safari hii sikuuangalia mkono wake. Kosa langu la miezi yote lilikuwa hilo: ndani ya vile vyuma nilikuwa naangalia mkono tu. Akatupa wa kasi, na uso wake ukabaki kama jiwe. Akajiandaa kwa wa pole, na nikaliona. Shavu la kushoto likajaa pole pole, la kitoto kabisa, katika uso wa mwanamume mwenye ndevu na miaka thelathini na minne. Nikacheka hata mpira ukanipita ukagonga lango.

Tulicheka wote. Binti yetu alitoka na nguo za kulalia kuuliza kuna nini, akaelezwa, akamlazimisha baba yake amdanganye mara kumi mfululizo ili alione shavu. Kisha sote tukaelewa. Timu za huko zina watu ambao kazi yao ni kukaa mbele ya kioo cha televisheni na kumtazama mtupaji mpaka wampate. Walikuwa wamempata.

"Nitafanya nini sasa?" akauliza. "Uso haunisikii. Sijui hata kama unafanya hivyo."

Alijaribu kufunika uso kwa glovu, akashindwa kuona vizuri. Alijaribu kukaza meno, shingo ikakakamaa na mpira ukaenda juu ya ukuta kwa jirani. Mavyaa wangu akaingia ndani na kurudi na kikopo chake cha ubani, ule mweupe anaopenda kuutafuna baada ya chakula. Akamchagulia vipande viwili.

"Weka shavu la kushoto. Tafuna mpira wa kweli, tafuna na wa uongo. Shavu lijae daima. Wakitaka kusoma, wasome ubani."

Alitafuna siku mbili. Mavyaa alikaa na ungo wake akijaribu kutabiri, na siku ya pili alikosea mara sita. Kila alipokosea alipiga makofi.

Mechi ya tatu tulikwenda wenyewe. Niliomba ruhusa shuleni, nikaendesha gari tangu asubuhi, mavyaa kando yangu na binti yetu nyuma kati ya vyombo vya chakula. Mavyaa alikuwa amepika kama anayekwenda kwenye arusi: sambusa, kachori, mkate wa kumimina, chupa mbili za chai ya maziwa. Uwanjani tulikaa na familia za wachezaji wengine, na haikuchukua muda akawa anamlisha kachori mke wa mchezaji mmoja wa Jamhuri ya Dominika, hawaelewani neno lolote, na wanapatana vizuri sana.

Mume wangu akapanda kichuguuni anatafuna. Niliona hata kutoka pale juu. Mpigaji wa kwanza akasubiri ule wa pole akapata wa kasi, akaganda. Wa pili akazungusha gongo hewani, mapema mno, karibu aanguke. Wa tatu hivyohivyo. Nikashika mkono wa mavyaa wangu, naye alikuwa ameshautafuta wangu. Vipindi sita alitupa siku ile, na ni mtu mmoja tu aliyeugonga mpira wake vizuri. Alipotoka uwanjani watu wakasimama, Wapakistani, Wahindi, Wamarekani, na binti yetu amepanda juu ya kiti anapiga kelele kwa lugha tatu.

Mavyaa alibaki amekaa. Nikamuuliza kuna nini.

"Siwezi kumjua tena," akasema. Kisha akaanza kucheka, akijipepea kwa ncha ya mtandio. "Astaghfirullah. Miaka yote namfundisha asidanganye, na sasa nimemfundisha mwenyewe adanganye vizuri. Mungu anisamehe."

Akamaliza msimu akiwa mtupaji wa kutegemewa, na wakamwita tena kwa mwaka unaofuata. Tulizipokea habari hizo kwa simu ya dakika mbili, mimi nikiwa nasahihisha mitihani, na nikaweka alama ya vyema kwenye jibu ambalo halikuwa sahihi kabisa. Sikulirekebisha.

Wiki aliyorudi tulikwenda soko la Matrah sote wanne, kwa sababu mavyaa alitaka vitambaa vya arusi ya ndugu yake. Soko lilikuwa limejaa. Mume wangu alibeba vifurushi vyote, akasukumwa na watu, akasubiri nje ya duka moja baada ya jingine huku mama yake akikunjua kitambaa cha kumi na mbili na kusema rangi si hii. Hakuna hata mtu mmoja aliyemjua. Muuza vitambaa alimuuliza yeye anafanya kazi gani, na kabla hajajibu binti yetu akasema, "Baba anatupa," muuzaji akadhani anatupa taka, akamwambia hakuna kazi ya aibu, Mungu ambariki. Mume wangu akamshukuru kwa heshima zote. Tulitoka pale tukielekea baharini kunywa chai, yeye mbele na vifurushi vyake, na nilimsikia anaimba.